Kidole ya Familiale mu Fundo ya Kikwembe Yangu

Feza,

Miezi tatu! Miezi tatu yote haukukanyaga mu hii parcelle, hii kiwanja yetu, na kutoka kwenye unakaa, njia ya uwanja ya ndege ya Luano, mpaka huku Katuba haiko safari ya kupandia ndege. Ndege zenyewe zinapita juu ya nyumba yangu kila siku. Weye, mwenye unashinda mu bamotokari ya Mama Kavira, haupite. Habari yako nilikuwa naipata ku mama mwenye kuuzisha makala: «Kambo, nilimona Feza ku mji, alinona!» Alinona. Ni mama ya makala njo anijulishe miye kambo, mama ya baba yako, kama mujikulu yangu alinona?

Jana ukakuya. Ukakuya juu ya nani? Juu ya motokari. Ukanisalimia haraka haraka, ukakaa pa kiti kama mugeni, kisha ukavua viatu, ukafungua kapo, kifuniko ya motere, na pale njo nilimona meno yako. Kesho asubui unaikamata ile familiale, ile motokari kubwa ya Muzee, kambo yako mwanaume, unaenda kukaa Pweto mu kazi ya Mama Kavira. Leo, siku ya mwisho, nilitwanga sombe, majani ya muhogo, miye mwenyewe na hii bega yenye kuuma, nikatia samaki, nikapika bukari, ugali ya unga. Saa hii jua ingali juu ya ukuta ya jirani, bukari inavaa ngozi mu sahani, na weye uko kwa Mama Kavira kumuaga. Yeye anaagwa na mudomo. Miye naagwa na barua, na tena barua yenyewe ni miye naandika!

Usicheke maandiko yangu. Masomo sikuingia hata siku moya, unajua. Herufi yangu ya kwanza nilisoma juu ya kifuniko ya mafuta ya motere: H, U, I, L, E, njo mafuta na Kifaransa. Nilikuwa nilishazaa batoto bane. Muzee alikamata kidole yangu, akaiweka juu ya kila moya, polepole, kama vile banatembeza mutoto. Kisha nikasoma batri, nikasoma filtre, nikasoma bidon. Njo juu ya ile hata jina yako nikiiandika inafanana na jina ya mafuta. Bon. Utasoma vile vile.

Bintu bya kila siku sitaandika. Mafuta, mayi, mupepo ya mipira, ile byote unajua kunipita, na nikikukumbusha utasema «Kambo, nilishajua,» na ile mudomo mupya yenye ulitoa ku dépôt, ku stoo ya Mama Kavira. Nataka kuandika ile sikuambia muntu. Na kuko kintu nilifanya leo asubui, weye ukiwa ku misa. Nitaisema mbele ya kumaliza. Naogopa kuisema, njo maana naanza mbali.

Naanza na Mama Kavira, juu yeye njo ananiuma.

Haiko muntu mubaya. Nimetafuta ubaya yake miezi tatu yote, sikuipata. Alitoka Kivu ya Kaskazini na bwana yake, balianza kuuzisha chumvi na sabuni, leo bako na dépôt na bamotokari ya kuleta samaki ya kukausha kutoka Pweto. Anaamka mbele ya jogoo. Anaomba Mungu na sauti kubwa, na akishaomba anafanya kazi na mikono yake. Muntu kama ule, utamuchukia na nini? Lakini ile siku alikuya hapa kunisalimia, weye haujahamia kwake, akabeba mufuko ya sukari, akakaa pa kiti ya Muzee bila kuuliza, akasema: «Kambo, aksanti sana. Mulitulelea mutoto muzuri.»

Mulitulelea!

Feza, niliangalia ile mufuko ya sukari kama vile ni nyoka. Miye nilikulelea nani? Mama yako alirudia kwao, baba yako akaenda kutafuta kazi ku migodi ya Kinsevere, akapata kazi na bibi ya pili siku moya. Weye ukabakia mu mikono yangu ukiwa haujaota meno. Ulijifunza kutembea kwa kushika pare-chocs, ile chuma ya mbele ya ile motokari. Wakati batoto ya bengine balikuwa banalala na doli, weye ulikuwa unalala na buji, plagi ya zamani ya motere, mu mukono, nikikunyanganya unalia. Na leo muntu anakuya na sukari, anasema nilikuwa namulelea yeye.

Na weye, pale ulikuwa unasimama nyuma yake, ukacheka kidogo. Nilimona.

Kisha ukaniambia ile ingine: «Kambo, kule hatusikilize motere na sikio. Tunachomeka mashine, inatuambia ugonjwa.» Hii sikio yangu, Feza, ilikuwa inajua familiale kutoka kwa barabara kubwa, mbele haijaingia mu avenue yetu. Nilikuwa najua kama culbuteur moya, ile yenye kupiga valvu, iko na nafasi mingi, kama courroie, mukaba ya motere, inaomba kukazwa, kama Muzee alikasirika. Sasa kuko mashine. Sawa. Mashine ichomekwe. Lakini yetu ile haina fasi ya kuchomeka kintu. Yetu iko na kabireta ya kuchanganya petroli na alimere ya kugawa moto, na itakulomba sikio, na pale utanikumbuka kwa lazima. Nilifurahi sana nikiwaza vile. Ni roho mubaya, najua.

Roho hii haikuanza na weye. Basi sikiliza.

Wakati Muzee alileta ile familiale, Katuba yote ilitoka inje. Banco tatu, mistari tatu ya viti! Bantu nane, na nyuma tena fasi ya mizigo, na ma-ressort, springi mane nyuma yenye hata ukiweka gunia ngapi haipige magoti. Alikuwa anabeba bantu na samaki, Pweto kwenda na kurudi. Na kila bushiku akifika nyumbani alikuwa anafanya kintu moya, unaikumbuka hata weye: anafungua kapo, anaachisha zile chuma mbili za kifuniko ya alimere na vidole tu, anatoa ile kintu kidogo yenye kuzunguka mule ndani na kugawa moto ku buji zote. Bamekanisyen banaiita doigt. Siye hapa kwetu, kidole. Bila kidole, mwizi atasukuma, atapiga démarreur, ile stata, mpaka batri ikufe, motere haitawaka. Anaingia mu nyumba, ananipa mu mukono, mbele ya kusema hata bonsoir. Miye naifunga mu fundo ya kikwembe, hapa pa kiuno. Nalala nayo. Asubui ananilomba, namupa.

Bamama bengine balikuwa na pete. Miye nilikuwa na kidole ya motere. Sikulomba kingine.

Lakini ku Pweto je? Alikuwa analala kule bushiku mbili, tatu, akingojea mizigo. Kule nani alikuwa anaifunga ile kidole mu kikwembe yake?

Ile swali iliniingia siku moya nikiwa nafua nguo, na haikutoka tena. Kulikuwa mwanamuke moya ya kule, Mama Chola, muuzaji wa samaki, murefu, mwenye kucheka na kichwa nyuma. Kila safari alikuwa anakaa pa kiti ya mbele. Nikamuuliza Muzee: «Juu ya nini yeye kila siku mbele?» Akasema: «Juu anatapika akikaa nyuma.» Jibu gani ile! Bantu mingi banatapika, hababebwe mbele.

Basi asubui moya, Muzee akiwa anaoga, nilikamata kisu ya kukatia mboga, nikalala chini ya motokari, nikatafuta ile mupira kubwa ya chini ya radiatere, yenye kupitisha mayi ya kupoza motere. Inafungwa na mukaba ya chuma, kolye, na vis, skrubu moya. Nikaizungusha ile vis na kisu. Nilizungusha kidogo tu. Niliwaza: mayi itamwangika hapa hapa, mbele ya kutoka mu mji, motere itachemka, atarudia nyumbani na hasira, Mama Chola atapanda camion, lori, kama bantu yote.

Sikujua motere hata kidogo, Feza. Niliwaza inatii kama punda.

Mupira haikutoka mu mji. Ilishika, ilishika, ikatoka mbali kule, karibu na Kasomeno. Mayi yote ikaenda kidogo kidogo, bila muntu kumona, na motere ikachemka mpaka ile joint ya kichwa, gasketi ya juu ya motere, ikaungua. Muzee akasimama, akafungua kifuniko ya radiatere mbele haijapoa, juu nyuma kulikuwa mama moya na mutoto, balikuwa banapiga kelele banaogopa moshi. Mayi ya moto ikamurukia.

Ile alama yenye ulikuwa unapapasa ukiwa mudogo, ku mukono yake ya kuume, yenye alikuambia «hii ni radiatere ilinibusu»: Feza, ni miye. Ni kisu yangu. Hakukuambia, na miye sikukuambia. Leo unajua.

Camion ya samaki njo ilimuvuta, na camion ilikuwa inaenda Pweto, haikukuwa inarudi. Basi akakaa Pweto siku kumi na tano akingojea joint. Kwa nani? Nani mwingine alikuwa na parcelle kubwa ya kuingiza motokari yenye haitembee? Na ile mukono, nani aliifunga dawa kila asubui? Nilikuwa nataka kumutoa ule mwanamuke pa kiti ya mbele. Nikamutumia bwana yangu na motokari yote, na mukono yenye kuuma tena ya kumutunzia.

Alirudia mangaribi moya. Nilikuwa nimeweka bukari. Hakukula. Akatoa ile kolye mu mufuko, akaiweka pa meza, karibu na sahani yangu. Kichwa ya vis ilikuwa imekatwa katwa yote.

«Mama ya batoto,» akasema, «kisu ya mboga haifungue vis. Tazama, uliiharibu kichwa.»

Nikaikamata ile kolye, nikaisukuma chini ya sahani.

«Ulitaka nikufe?»

«Nilitaka urudie.»

«Basi ungenilomba.»

«Ningekulomba, ungerudia?»

Akawaza. Ule muzee alikuwa hajue kudanganya, hata pale ingemusaidia. «Hapana,» akasema. «Mizigo ilikuwa ya bantu. Lakini ningejua kama unalia, na ningekuya mbio.»

Kisha akasimama, akaleta turnevis, bisibisi, ile yenye mukono ya mbao, akaiweka juu ya ile kolye. «Kesho asubui unaanza kujifunza. Siku ingine ukitaka kunikatalia njia, unikatalie kama mekanisyen, haiko kama mwizi.»

Njo vile nilijifunza. Avenue yote balisema: «Ah, Mama anapenda sana motere!» Wapi. Nilijifunza juu ya bwivu. Niliwaza, kama najua kila kintu yenye inaweza kukufa mu ile motokari, haitakufa mbali na miye tena. Nikajua vidanje ya kubadilisha mafuta, nikajua ma-freni, nikajua kupima culbuteur na zile majani ya chuma nyembamba. Kila safari, mbele aondoke, nilikuwa nalala chini yake nakaza kila kintu, kila kintu, mpaka Muzee anasema: «Acha, utazikata!» Nilimupenda kwa kukaza, haiko kwa kusema. Na ile swali ya kidole ku Pweto sikumuuliza. Nilikuwa na turnevis ya kila namna, ya kufungua ile mudomo yangu sikukuwa nayo.

Wakati Muzee alikufa, Mama Chola alikuya ku kilio. Ulikuwa na miaka kumi, unaweza kumukumbuka: mama moya mwenye kukonda, na kitunga ya samaki. Alikaa hapa, mbele yangu. Akasema: «Dada, kuko neno moya juu ya Muzee, miaka mingi nataka kukuambia.»

Nikasema: «Kunywa chai, Mama. Inapoa.»

Akakunywa. Akasema tena: «Dada, zile siku alikaa kwangu...»

Nikasema: «Ongeza sukari.»

Akaniangalia sana. Akamaliza chai, akaweka kopo chini, akaenda. Jibu yangu ya miaka yote ilikaa mbele yangu na miguu ya mavumbi, nikaipa chai, nikaifungulia mulango. Nilikuwa nimezoea ile bwivu, Feza. Muzee alishaenda, niliogopa kama naitoa na yenyewe, nitabakia na nini mu nyumba?

Kisha nikabakia na weye. Nikakufundisha byote Muzee alinifundisha. Na nilifurahi, nilifurahi mpaka pale ulianza kunipita.

Unajua siku gani nasema. Joint ya kichwa iliungua tena. Mekanisyen ya ku kona alitaka kuitengeneza, nikamufukuza; mikono ya muntu mwingine mu motere ya Muzee, haiwezekane. Tukafungua siye bawili. Tukainua ile kichwa, tukaiweka juu ya gunia, ukaanza kupangusa. Na miye, nikitaka kumona piston inapanda ginsi gani, nikakamata clé, spana kubwa, nizungushe motere.

Ukasema: «Kambo, usizungushe! Zile chemise za piston zitapanda!»

Nikasema: «Nani anamufundisha nani hapa?»

«Imeandikwa mu kitabu, Kambo. Kichwa ikitoka, banazifunga kwanza na chuma juu yake. Haziko za kusimama zenyewe.»

Kitabu! Ile kitabu ya Muzee, ya Kifaransa, yenye miye nilikuwa najua mapicha tu. Ulikuwa umeisoma yote, bushiku, bila kuniambia. Nilisikia kama vile ulienda kukaa na Muzee mu chumba moya yenye miye siwezi kuingia. Ulikuwa na miaka kumi na saba, mafuta ku shavu, na ulikuwa na haki. Niliona kama una haki. Nikazungusha.

Chemise mbili, zile mikebe ya chuma yenye piston inatembea ndani, zikapanda. Joint zake za chini zikaachia. Ukanitazama, ukarudia kupangusa. Tukafunga ile kichwa, tukatia mayi, tukatia mafuta, na asubui nikitoa jauge, fimbo ya kupimia, mafuta ilikuwa imechanganyika na mayi, rangi ya chai ya maziwa. Familiale ikapanda juu ya matofali. Miaka ikapita, kuku zikazaa chini yake. Kila muntu akiuliza, nilisema: «Ni uzee.» Uzee gani? Ilikuwa bwivu. Nilimonea bwivu mutoto yenye nilifundisha miye mwenyewe.

Na weye haukukubali ikufe. Ukaenda kutafuta kazi juu ya kupata ma-joint. Nani alikuwa na kazi? Mama Kavira. Nani alikuandikia commande, oda ya pochette nzima ya ma-joint, akakuambia «utanirudishia na mikono yako»? Ukaipata, ukaitengeneza ile motere peke yako, na mbele ya kuiwasha ukaniita. Ukasema: «Kambo, piga weye démarreur.» Ikawaka, na haikukohoa. Nililia, ukawaza ni furaha. Nusu ilikuwa furaha. Nusu ingine ilikuwa: nani alikufundisha kukaza kichwa sawasawa vile, na ile clé ya kupima nguvu yenye siye hatukukuwa nayo?

Juma ya kufuata ukahamia kule ku dépôt.

Basi tazama ginsi inafanana. Kwa kisu nilimutuma Muzee kwa Mama Chola. Kwa clé nilikutuma weye kwa Mama Kavira. Mara mbili ilikuwa mikono yangu, hii hii yenye inaandika.

Sasa nafika pale nilikuwa naogopa.

Hizi miezi tatu kidole ya familiale ilikuwa mu fundo yangu. Jana ukaniuliza: «Kambo, kidole iko wapi?» Nikafungua kikwembe, nikakupa. Ukaiweka, ukawasha, ukasikiliza na sikio (nilikumona! haukutafuta mashine), ukafurahi. Mangaribi nikangojea. Nilikaa pa barza na mukono wazi juu ya magoti. Ukafunga kapo, ukapangusa vidole, ukasema: «Naiacha mule mule, Kambo, kesho kutwa naondoka mapema.» Ukaenda kuoga.

Tangu Muzee alete ile motokari, ikiwa na uzima, haikulala hata bushiku moya mu hii parcelle na kidole yake ndani. Ukasema vile kama vile unasema juu ya ndoo. Na nikawaza: ku dépôt, clé, ufunguo ya motokari, unampa nani mangaribi? Unampa Mama Kavira. Mama Kavira anaiweka wapi? Nilikaa na ile mawazo mpaka asubui.

Ukaenda ku misa. Nikafungua kapo. Chuma mbili, vidole tu, haiombe clé. Nikaitoa. Nikaifunga mu fundo.

Ndiyo. Tangu asubui iko hapa pa kiuno yangu. Ulikula mukate yako mbele yangu nikiwa nayo. Ulinipigia busu ukienda kwa Mama Kavira, mukono yako ikapita karibu nayo kabisa.

Sikuwaza kama itakushinda. Najua weye. Kesho ungepiga démarreur mara mbili tu, ungefungua alimere, ungemona fasi yake wazi. Haungepiga kelele. Ungetoka, ungenitazama pale pa barza, kama ile siku ya mafuta ya maziwa. Na ungeenda kutafuta ingine ku bauzaji ya mapièce, ya vipuri, ungerudia, ungeiweka, ungeenda. Ingekuwa safari ya saa sita pahali pa saa kumi na mbili asubui. Ile masaa sita njo nilikuwa nataka kwiba. Muzee nilimwibia siku kumi na tano, na zote zikaenda kwa mwingine.

Nilipoanza hii barua sikuwa najua nitafanya nini. Nakuambia kweli. Pale naandika juu ya kisu, nilikuwa nataka kukaa na kidole. Pale naandika juu ya chai ya Mama Chola, ikaanza kuniunguza hapa pa kiuno.

Basi ungenilomba, Muzee alisema. Njo nakulomba, Feza. Sikuamuru. Nakulomba ubakie. Najua utasema hapana, mizigo ni ya bantu, Mama Kavira alikuamini, motokari zake kule zinakungojea na weye njo mekanisyen yake mukubwa. Sema hapana. Lakini ujue kama nalia, na siku ingine ukuye mbio.

Mama Kavira umwite mama, kama mudomo yako inataka. Ile neno itanikaa mu koo kama mufupa ya samaki, lakini mwite. Hauna mwingine, na yeye alilipa na roho. Kambo usimwite muntu mwingine. Hata kwa kucheka.

Na kule Pweto, kama Mama Chola angali na uzima, utamujua: anacheka na kichwa nyuma. Mupelekee salamu yangu. Kaa naye pa chai, na usimukate maneno kama miye. Nilikuwa nataka kuandika «usimuulize». Nikaandika, nikafuta, utamona pale karatasi imechafuka. Muulize. Muulize kintu moya tu: zile siku kumi na tano, bushiku, kidole ya familiale ilikuwa inalala wapi? Jibu usinitumie na muntu, usinipigie telefone. Ukae nayo.

Haya. Jua imefika pa bati. Nasikia mulango ya parcelle, itakuwa unakuya, na pengine umeshiba. Bukari nitakupashia moto, utakula tena, sitake kusikia neno.

Kidole nimeitoa mu fundo. Nitaifunga ndani ya hii barua, nitaiweka juu ya kiti yako ya shofere, kusudi uimone mbele ya kugusa démarreur. Niliipangusa muzuri, na ile fundo ya kikwembe sikuifungua kabisa. Naiacha na fasi yake.

Siku ya kurudia, usipige klakson pa mulango, nitakuwa nilishakusikia kutoka kwa barabara kubwa. Ingia mpaka mu parcelle, zimisha motere, fungua kapo, toa kidole. Uilete ingali na joto, uiweke mu mukono yangu. Kisha njo unisalimie.

Kambo yako